Jumapili Zangu Zimehamia kwa Wachina

Jumapili, 7 Septemba

Ibada imechelewa kwisha. Mchungaji mgeni, hajui watu wana masufuria motoni. Nimerudi mbio nikapata muthokoi umelainika vizuri, kila punje ya mahindi imefunguka. Nikaukaanga na maharagwe, nikamwagia vitunguu vingi anavyopenda Mutua. Kachumbari. Kuku nusu. Sahani tatu mezani, kitambaa kilichopigwa pasi.

Saa saba kimya. Saa nane simu. Mutua.

"Mathe, leo hatutafika. Tumemleta mamake Ndanu kwa Wachina. Kuja basi utupate huku, tutakungoja."

Kwa Wachina ni ile hoteli mpya ya taa nyekundu hapo kwa maduka ya Buruburu. Nimeipita mara nyingi nikishuka kituoni. Nilimwambia mimi sili vyura. Akacheka. Mimi sikuwa nafanya mzaha.

Nimekula peke yangu. Muthokoi wa watu watatu, mtu mmoja. Uliobaki nimeupeleka kwa Mama Hibo, mlango wa pili, bila kuku. Kuku wangu hamli, mpaka achinjwe na mtu wao. Akaniuliza watoto wako wapi. Nikasema wana shughuli.

Mutua ndiye mtoto wangu wa pekee. Wiki nzima niko sokoni Kariokor, nauza viatu vya ngozi na kubishana na watu wanaotaka kununua mkanda kwa bei ya kamba. Jumapili ni yangu na kijana wangu. Imekuwa hivyo tangu tumzike baba yake. Alipooa, Ndanu akaanza kuja naye. Niliongeza sahani, sikunung'unika. Kidogo tu nilinung'unika, na ilikuwa jikoni.

Sasa huyu mama ametoka Makueni kuja kutengenezewa meno. Aliyobaki yote yameng'olewa, anangoja ya bandia. Anakaa Umoja kwa binti wa dada yake. Nilifikiri ni jambo la wiki moja. Meno ni meno.

Jumanne, 9 Septemba

Ndanu ameweka picha kwenye status. Yeye na mamake, shavu kwa shavu, mbele yao bakuli la supu na sahani ya tambi zinazong'aa mafuta. Mama amefumba mdomo sababu hana meno, lakini macho yanacheka. Kaandika: "Malkia wangu."

Mutua hayumo kwenye picha. Maana yake ni yeye aliyeshika simu. Yeye ndiye anawaambia tabasamuni, sogeeni, moja tena.

Mimi hajanipiga picha tangu harusi yake.

Nimeitazama picha hiyo nikiwa na mteja mbele yangu. Nikampa viatu viwili vya mguu wa kulia. Amerudi akinitukana.

Jumapili, 14 Septemba

Tena.

Safari hii alipiga mapema, kabla sijatoka kanisani. "Mathe, leo usipike. Kuja tu kwa Wachina. Si mbali." Nikamwambia nina wageni. Sina wageni. Ningeendaje? Nikae pale kwenye meza ya mama mwingine, niletewe chakula na mtoto wangu kana kwamba mimi ndiye niliyekuja kusalimia?

Baada ya ibada dada mmoja wa kwaya akanishika mkono. "Mama Mutua, niliona watoto wako Jumapili ile. Walikuwa wanaingia kwa Wachina na mama fulani. Ai, ameshikiliwa kama yai." Akasema kwa furaha, akidhani ananisifu.

Nikampa asante. Nikaenda nyumbani nikapika chai na nikala mkate. Sikuwasha jiko kwa ajili ya mtu.

Nina wivu. Naandika hapa sababu hapa hakuna anayesoma. Nina wivu na mwanamke asiye na meno.

Jumatatu, 15 Septemba

Jana nililala na jambo moja, nimeamka nalo.

Sisi Wakamba mwanamume hali chakula mbele ya mama mkwe wake. Hata sasa, hata hapa Nairobi. Hamsalimii kwa mkono, hamkazii macho, hakai naye chumba kimoja wakipiga gumzo. Tunaiita nthoni. Si chuki. Ni heshima, na ni nzito. Marehemu mume wangu alimheshimu mamangu namna hiyo mpaka alipokufa. Tulipokwenda nyumbani kwetu alikula nyuma ya ghala, kwenye kigoda, na mamangu akipita na maji kichwani alizunguka na njia ya mbali. Nilikuwa nabeba sahani kutoka huku kwenda kule. Mutua alikuwa mdogo, alinifuata akiona yote.

Sasa mtoto wa yule mwanamume anaketi kwa Wachina na mamake Ndanu, wanavuta tambi pamoja, anampiga picha akicheka kwa macho. Vijana wa Buruburu wameacha mengi lakini hili sikutarajia. Kumbe aibu yote ya ukoo wetu inaweza kuuzwa kwa bakuli la supu.

Na ninajua kinachoniuma si nthoni peke yake. Ningekuwa nimealikwa vizuri, kwanza, kabla ya huyo mama, labda nisingeikumbuka nthoni hata kidogo.

Alhamisi, 18 Septemba

Nimefunga kibanda mapema. Mama Hibo, ambaye ana duka la vitambaa Eastleigh, aliniona jana nimekunja uso kwenye ngazi akanilazimisha kusema. Nikasema. Akacheka hadi mtandio ukamtoka.

"Wewe Mama Mutua, unapigana na chakula hujakionja! Kuja nikupeleke mahali. Halali, safi, Wahindi wenyewe wanakula hapo."

Tumekwenda. Juu ya duka la vyombo, ngazi nyembamba, halafu ghafla chumba kikubwa chenye mapazia na harufu ya iliki. Familia za Kihindi, familia za Kisomali, meza moja ya makarani wenye kadi za kazi shingoni. Mhudumu akaleta kitabu cha vyakula kirefu kuliko kitabu cha nyimbo. Mama Hibo akaagiza bila kukifungua.

Wakaleta mkate mwembamba wenye malengelenge, umepakwa siagi na vitunguu saumu. Mchuzi mwekundu na vipande vyeupe vya mraba. Nilidhani ni kuku. Ni maziwa yaliyogandishwa. Yanalia mdomoni, kwik kwik. Dengu zilizopikwa mpaka zikawa uji, na sijui wanatia nini, mimi napika dengu tangu utotoni na za kwangu hazijawahi kunifanya nifumbe macho.

Ilikuwa tamu. Ndiyo iliyonikasirisha. Nilitaka iwe mbaya.

Mama Hibo akala kwa vidole vitatu, polepole, akaniuliza: "Kwani kwenu mume anakaa meza moja na mama wa bibi yake?" Nikamwambia zamani hapana, siku hizi vijana hawana aibu. Akamega mkate. "Umemuuliza lakini?" Nikamwambia sina haja ya kuuliza kitu ambacho nimeona kwa macho. Akasema umeona picha. Nikasema ni kitu kimoja. Akaagiza chai.

Jumamosi, 20 Septemba

Nimeamua. Kama ni chakula cha Wachina anachotaka, kitapikwa nyumbani kwake alikozaliwa.

Nimenunua tambi, tangawizi, siki, nanasi, pilipili hoho za rangi mbili, na chupa ya sosi nyeusi yenye maandishi nisiyoyajua. Kuku nimemtoa kwa mchinjaji wa Mama Hibo, ili naye ale. Hata vijiti nimepata, kwenye maduka ya jumla Eastleigh, pakiti nzima. Muuzaji akaniuliza nafungua hoteli? Nikasema naifunga moja.

Jioni nimefanya mazoezi. Vijiti vinakwaruzana tu, tambi inatazama. Nimekula kwa mkono.

Jumapili, 21 Septemba

Sikwenda ibada ya pili. Nilikata hoho vipande vya usawa. Nikamkaanga kuku na unga, nikamtumbukiza kwenye siki na sukari na nanasi. Nyumba nzima ikanuka sherehe. Saa sita nikampigia Mutua mwenyewe, kwa sauti tamu.

"Njoo leo. Nimepika Kichina."

"Ai Mathe! Ungesema jana. Tushamwahidi mamake Ndanu. Meno yamekuja, leo ndio anayajaribu. Si wewe ndio ukuje huku?"

Meno yanajaribiwa! Kama gari jipya! Nikakata simu.

Tumekula na Mama Hibo. Tambi zilishikana zikawa donge moja, tukazikata kwa kisu. Sosi nyeusi niliizidisha, chumvi ikatupiga koo. Mama Hibo alikula bila neno, Mungu ambariki, akanywa maji mengi.

Alipotoka nikachukua simu. Nimeandika na nimetuma, na ninainakili hapa nisije nikajidanganya baadaye kwamba nilikuwa mpole:

"Mutua. Baba yako hakuwahi kula mbele ya nyanya yako hata siku moja. Alikaa nyuma ya ghala kama mtu mwenye adabu. Wewe umekosa aibu mbele ya Wachina. Kama umepata mama mwingine wa kula naye Jumapili, kaa naye. Mimi usinipikie simu tena."

Nilitaka kuandika "usinipigie". Kidole kiliteleza. Sikurekebisha.

Tiki mbili za buluu. Ameisoma papo hapo. Hajajibu.

Jumatatu, 22 Septemba

Hajajibu.

Jumatano, 24 Septemba

Hajajibu. Ndanu naye hajaweka picha yoyote. Natafuta, hakuna.

Siku zote Mutua hunipigia Jumanne akitoka kazini, kuuliza kama nimeuza. Jana nilikaa na simu mapajani kibandani mpaka walinzi wakaanza kufunga. Fundi wa kibanda cha jirani akaniuliza, "Mum, unangoja mtu?" Nikamwambia nangoja mvua ipite. Hapakuwa na mvua.

Ukali huu ameurithi kwangu. Baba yake angepiga simu siku ile ile. Mimi ningenyamaza mwaka. Naogopa sasa. Nina mtoto mmoja na nimemwambia akae huko.

Ijumaa, 26 Septemba

Mama Hibo kasema nimwombe msamaha. Nikamwambia mzazi haombi mtoto. Kasema basi nenda ukamwone. Nikasema nitakwenda, lakini kwa Wachina, Jumapili, saa nane, wakiwa wote mezani. Nisimame mbele yao. Nimwangalie huyo mama na meno yake mapya. Nimuulize nthoni ameiacha wapi, Makueni au ndani ya basi.

Mama Hibo kashika kichwa. "Usiende hivyo, wallahi. Enda kama mtu ana njaa."

Jumapili, 28 Septemba

Naandika bila kuvua viatu.

Nilivaa gauni nililovaa harusini kwa Mutua, la kijani. Nikavaa viatu vyangu mwenyewe vya ngozi, vipya. Niliyapanga maneno yangu tangu Rabai Road mpaka mlangoni. Taa nyekundu zinawaka mchana, umeme wao ni wa bure labda. Ndani kuna joto na harufu ya tangawizi, samaki wakubwa ndani ya kioo wanatembea huku na huku. Watu wengi, familia za kanisani, hata mwalimu mkuu wa shule ya jirani na wajukuu. Sikujua Buruburu yote inakula hapa.

Msichana wa pale akanijia. "Karibu mum. Uko peke yako?"

"Mtoto wangu yuko humu."

Nikawaona dirishani. Ndanu na mamake. Wawili. Mama mdogo kuliko nilivyomweka kichwani, kitambaa cha kichwa cha kwenda mjini, anatafuna kwa uangalifu, mkono mbele ya mdomo. Viti viwili kwenye meza ile, vyote vina watu. Mutua hayupo.

Nilifurahi. Naandika ukweli. Nilifurahi sana, nikafikiri ameisikia message yangu, amebaki nyumbani, pengine hata sasa yuko mlangoni kwangu anagonga.

Kisha Ndanu akasimama na sahani ya wali. Hakuja upande wangu, hakuniona. Akazunguka nguzo kubwa iliyochorwa joka, akaenda kule mwisho, karibu na mlango wa jikoni wahudumu wanapopishana na sinia. Nikamfuata kwa macho, halafu kwa miguu.

Mutua yuko pale. Meza ndogo kabisa, uso umeelekea ukutani. Mgongo kwa ukumbi mzima, na nguzo katikati yake na dirisha. Koti lake limekalia kiti cha mbele yake. Anapambana na vijiti, tambi zinamtoroka zinarudi bakulini. Peke yake kama mtu aliyefiwa. Ndanu akaweka wali, akachukua sahani iliyoisha, akageuka akanikuta.

"Mama," akasema. Akabaki na sahani mkononi.

Nilivijua vile visahani vinavyotoka huku kwenda kule. Mimi mwenyewe nilivibeba.

Mutua akainua kichwa. Hakusimama. "Mathe."

Ndanu akaondoka pole pole. Ana akili huyo msichana, siwezi kumnyima hilo.

Nikamuuliza tangu lini anakaa hapa. Akasema tangu Jumapili ya kwanza. Sauti ya chini, bila kunitazama.

"Sasa ningempeleka wapi, Mathe? Kwangu haingii, anasema hawezi kulala wala kula kwa nyumba nalala. Huko Umoja ni chumba kimoja, nikiingia lazima yeye atoke. Na hana meno, atakula nini, mahindi? Hapa kuna supu, kuna vitu laini, na kuna meza mingi. Yeye huko, mimi huku. Ndanu anatembea katikati."

"Na picha nani anapiga?"

Akanitazama kama nimeuliza kitu cha kijinga. "Waitress."

Msichana wa pale. Mimi nilimpa mtoto wangu simu mkononi, nikamchekesha, nikamkosesha adabu, yote kichwani kwangu.

"Nilikuwa nakuita kila Sunday, Mathe. Hicho kiti ni chako. Unajua vile inaboo kukula ukiangalia ukuta?" Akavuta pumzi. "Na ile message yako niliisoma nikiwa hapa. Hapa hapa, nimeangalia huu ukuta."

Yale niliyoyapanga tangu Rabai Road hayakuwa na pa kwenda. Nilitoa koti lake kwenye kiti, nikalikunja, nikaketi. Nikamwambia baba yake angejivunia. Nikamwambia nilikosea. Mara moja, haraka, nikiangalia bakuli. Akasukuma wali upande wangu. Akaita msichana akaagiza kuku wa nanasi.

Ni mtamu kuliko wangu. Hoho hazijakatwa vipande vya usawa hata.

Tulikula. Akanionyesha kushika vijiti, yeye mwenyewe hajui. Tuliomba uma wote wawili.

Nilipokwenda kunawa mikono nikamkuta mama Ndanu kwenye sinki. Nilikuwa nimemkwepa wiki zote hizi, sasa hapa bega kwa bega, sabuni moja. Akanisalimia Kikamba, kwa mikono miwili yenye maji. Meno mapya yanampigia mluzi kidogo akisema s. Akanishukuru kwa mtoto niliyemlea. Nikasema ni Mungu. Kisha akatazama mlangoni, akashusha sauti.

"Mama Mutua. Nikuulize. Anakula?"

"Nani?"

"Mwanao. Ndanu ananiambia anakula vizuri, lakini binti atasema chochote. Ananileta hapa kila wiki, ananilisha, na mimi sijawahi kumwona akipeleka kijiko mdomoni. Sijui anapenda nini. Nasikia tu vyombo kule nyuma."

Nikamwambia anakula. Akanikazia macho akingoja zaidi. Sikuwa na zaidi, nilikuwa nimekula nikijitazama mwenyewe.

Jumatatu, 29 Septemba

Mutua amepiga leo, ingawa si Jumanne. Nimeuza mikanda minne, nikamwambia.

Wivu haujaisha. Nilifikiri utaisha. Umebadilika tu, umepungua makali. Yule mama ana Jumapili zake nzuri kwa Wachina, na mimi nina kitu ambacho yeye hatakipata mpaka afe. Nimemwona Mutua akila tangu siku aliyozaliwa. Uji, matope, ubuyu, chaki ya ukutani. Sikujua kuna mtu angeweza kunionea wivu kwa hilo. Jana pale kwenye sinki nilimwona akinionea.

Mama Hibo anataka kujua kila kitu. Nimemwambia alikuwa sawa. Hilo amelipokea vizuri mno, analirudia kwenye ngazi zote.

Jumapili, 5 Oktoba

Mama Ndanu anarudi Makueni keshokutwa. Meno yamekaa.

Nimekwenda moja kwa moja kutoka kanisani. Hotelini kumejaa, mvua ya kwanza inaanza nje. Mutua alikuwa kwenye kona yake, amenivutia kiti. Nikamwambia angoje kidogo. Nikaenda dirishani nikamwambia Ndanu aende akakae na mumewe, hawajala pamoja Jumapili tangu meno yaanze. Alinitazama, akachukua bakuli lake akaenda mbio kabla sijabadili nia.

Nikakaa mahali pake. Kutoka pale, ukiinamia kidogo upande wa kulia, nguzo haizibi. Namwona Mutua kwa ubavu. Mama Ndanu amempa mgongo, kama inavyotakiwa, na hakugeuka hata mara moja.

Akanimiminia chai. Alitafuna, akangoja.

"Ameanza na supu," nikamwambia. "Ya mahindi."

Akaitikia kwa kichwa.

"Ametia pilipili. Nyingi. Utotoni hakuwa akiipenda. Sasa Ndanu anamwambia kitu, anacheka. Amechukua tambi. Zimemshinda. Ameweka vijiti chini, ameomba uma."

Mama Ndanu akafunika mdomo kwa leso, mabega yakamcheza. Alipotulia akasogeza sahani yake, akaniuliza kama wali ameugusa.

Nikainama nikaangalia.

"Ameugusa," nikasema. "Anaongeza."